Keria Kwenye Baiskeli ya Kaboni

Kamwene nyote.

Mwenyekiti ameniomba nitoe ushuhuda mfupi, mzuri, wa kuwajenga wanakikundi. Ufupi siahidi. Uzuri nao siahidi, maana nusu ya yaliyonipata mmenifanyia ninyi hapa, mnaonitazama na vikombe vya chai mikononi. Jina la mtu sitataja. Faini ya kikundi hiki nimeshailipa mara moja na inanitosha. Lakini kuna mtu ameshaanza kujikuna shingo, na bado sijasema kitu.

Mnajua mimi ni dereva wa malori. Barabara ya Dar hadi Tunduma nimeikanyaga tangu sijaoa. Siku moja nilikuwa napandisha mlima kule Mbeya, lori la mbele yangu likashindwa, likarudi kinyumenyume. Mimi nyuma nina foleni, pembeni nina korongo. Niende wapi? Lilikuja taratibu, ndugu zangu, taratibu kabisa, hadi likaingia kwenye kabini yangu na kulibana goti langu la kushoto. Hilo la klachi.

Hospitali kule Mbeya walinifunga, wakanifungua, wakaniambia mfupa umeunga lakini goti limekakamaa. Dada mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanieleza kwa upole: goti hili likizungushwa kila siku bila kubebeshwa uzito, litarudi. Likiachwa, litabaki kama mlango ulioota kutu. Akasema baiskeli ingenifaa. Bosi wangu naye hakuzunguka: "Siku ukikanyaga klachi bila kukunja uso, njoo. Kabla ya hapo usinisumbue." Basi maisha yangu yote yakawa yamekaa kwenye goti moja.

Nikarudi nyumbani hapa Kihesa. Mkaja kunipa pole na sukari na sabuni, asanteni. Mmoja wenu hakungoja hata kuvuka kizingiti, nilimsikia: "Huyu ndiyo basi tena." Jamani! Nilivunjika goti, masikio sikuvunjika.

Sasa, baiskeli. Baiskeli zetu zile za chuma mnazijua, na milima ya mji huu mnaijua. Mtu mwenye miguu miwili mizima anashuka na kusukuma. Mimi na mguu mmoja na nusu ningefika wapi? Ndipo pale kwenye mitumba nikakuta fremu nyeusi ya baiskeli imetundikwa juu ya mabegi. Nikainyanyua. Nyepesi! Nikadhani ni plastiki. Muuzaji hakujua ni nini, ila alijua ilikuja kwenye kontena na hakuna aliyeitaka. Ilikuwa ya kaboni, nyuzi na gundi, baiskeli za wale wanaoshindana barabarani. Mke wangu akauza nguruwe wake wawili bila mimi kumwomba. Nikaagiza rimu za bei ya chini za Kichina, gia nikazitoa kwenye baiskeli iliyochoka, nikaketi sebuleni na simu, nikitazama video za watu wanaojenga baiskeli.

Kitu cha kwanza nilichojifunza nusura kinitoe machozi. Sisi wa malori tunakaza nati mpaka ilie. Kaboni ikilia, umeshaiua. Unakaza kwa vidole, unaongeza kidogo kwa spana, unaacha. Mkono wangu haukuzoea kuacha. Nilikuwa nakaza huku mke wangu amenishika kiwiko, "Inatosha, baba watoto, inatosha!"

Ilipokamilika niliegemea ukuta wa sebule, nikapanda, nikajaribu kuzungusha pedali. Haikuzunguka. Goti lilifika juu, likagoma. Nikawa naenda nusu, narudi nusu, nusu, nusu, kila asubuhi, huku jasho linanitoka na redio nimeifungulia sauti ili watoto wasinisikie ninavyolia. Halafu asubuhi moja mguu ukapita juu. Ukazunguka wote! Nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Nikatoka barabarani. Hapo ndipo mlipoanza. Mara "mzungu wa Kihesa." Mara "mlemavu amevaa kaptura ya kubana, hana haya." Kuna mama wa kikundi hiki alijifunika uso na kanga, lakini kanga ile ilikuwa na tundu, nawaambieni, maana siku ya pili alinieleza kaptura ilikuwa na mistari mingapi. Nikavumilia. Goti lilikuwa linafunguka, ningejali maneno?

Kisha ukatokea msiba hapa mtaani. Desturi yetu sote tunaijua na sina ugomvi nayo: msiba ukitokea, viti, mabenchi, masufuria, turubai, vyote vinakuwa vya wote, na milango inabaki wazi. Mimi nilikuwa nimekaa na wanaume pale motoni, mke wangu yuko jikoni na wenzake. Watu wakaenda kwangu kuchukua viti. Wakachukua viti. Halafu mmoja akaona baiskeli.

Unga ulikuwa umepungua, na mahindi yalitakiwa yafike mashineni. Huyo ndugu akaichukua baiskeli yangu. Akaona haina keria ya kubebea mzigo. Baiskeli gani haina keria? Akamhurumia mwenye baiskeli! Akang'oa keria kwenye baiskeli yake mwenyewe ya chuma, akaifunga kwenye ile mikono miwili ya fremu inayoshuka kutoka kwenye siti hadi kwenye tairi la nyuma. Akaikaza. Na mnajua alikaza vipi? Alikaza mpaka ikalia. Juu yake akapakia gunia.

Alirudi anaisukuma, anacheka, amejaa unga hadi kwenye nyusi. "Ndugu, baiskeli yako inapiga kelele kama kitanda cha wageni." Nikanyanyuka. Nikaona ufa. Mkono mmoja wa fremu ulikuwa umebonyea chini ya ile keria na kupasuka, nyuzi zimetoka nje.

Nilisema maneno. Sitayarudia, mama mchungaji yupo hapa. Niliyasema kwa Kiswahili, yalipokwisha nikahamia Kihehe. Yule ndugu akanijibu, "Si nilikuwa nafanya kazi ya msiba? Kwani baiskeli ya kukaa sebuleni ni ya kazi gani?" Na ninyi mkamwunga mkono. Mkaitisha kikao. Nikahukumiwa kwa lugha chafu msibani: jogoo na kreti ya soda. Jogoo mkamla, soda mkanywa, na mimi nikiwa nimeketi palepale. Hakuna hata mmoja aliyeniambia pole. Pole! Neno la bure kabisa, tunampa hata mtu aliyejikwaa kwenye jiwe la kwake mwenyewe.

Nikaingia ndani. Nawaambieni ukweli, niliwachukia. Nilikuwa nikisikia vicheko vyenu barabarani natamani mvua iwakute njiani mmevaa nguo za harusi. Nikawa nakaa kwenye kochi kutwa, nikipanga hotuba za kuwatukana. Hotuba nzuri kweli! Goti nalo likaanza kufunga tena, polepole, mpaka asubuhi moja nikashindwa kuvaa soksi.

Mke wangu akainama kunivalisha. Hakunitazama usoni. Akasema, "Hasira yako nimeiona, na wewe una haki nayo. Ila hasira haikunji goti. Kama ingekunja, saa hizi ungekuwa unacheza ngoma."

Mwee, liliniingia lile neno. Nikamwambia niletee baiskeli.

Mimi nimeshinda kwenye gereji nyingi nikingoja lori langu. Nimeona mafundi wanavyoziba bampa za mabasi zilizopasuka: wanasugua, wanapaka gundi ile ya kuchanganya, wanabandika kitambaa cha faiba, tabaka juu ya tabaka. Fremu yangu nayo si nyuzi na gundi? Nikanunua. Nikasugua ufa kwa msasa hadi ukawa msafi, nikazungushia kitambaa na gundi, juu nikakaza vipande vya mpira wa tairi ili vibane wakati inakauka. Nilipofungua, kulikuwa na nundu mbaya, ya kutisha. Mke wangu akauliza, "Ikivunjika ukiwa barabarani?" Nikamwambia nitaanguka. Akasema, "Basi anguka upande wa kulia."

Haikuvunjika. Nilianza na njia za tambarare, nikasogea, nikasogea, hadi siku niliyoshuka Ipogolo hadi darajani, nikageuza baiskeli, nikautazama ule mlima wa kurudi mjini. Malori yananipita yakitoa moshi. Katikati ya mlima nikakuta wenzenu fulani wa kikundi hiki wamesimama kando ya barabara, wakanipigia makofi ya kejeli: "Shuka usukume, mzee! Shuka!" Ndugu zangu, goti lilikuwa linawaka moto. Nilitaka kushuka. Nawaapia nilitaka. Lakini kushuka mbele yenu? Thubutu! Nikazungusha. Nikafika juu kwenye mzunguko wa barabara, nikashika nguzo ya taa, nikalia kama mtoto mbele ya wauza karanga. Kwa kuwachukia ninyi nilipanda ule mlima. Ningesema ni kwa imani ningekuwa mwongo.

Juma lililofuata nilipanda basi kwenda Mbeya, kwenye yadi ya bosi. Akaniweka kwenye kabini, akasimama mlangoni akinitazama uso. "Kanyaga." Nikakanyaga. "Tena." Nikakanyaga. Akanichosha na hiyo tena yake, kisha akanirushia funguo.

Basi, shukrani. Namshukuru yule dada wa mazoezi kule Mbeya. Namshukuru muuzaji wa mitumba ambaye hakujua anachouza. Kuna mama mmoja hapa aliyekuwa akiacha fungu la mboga mlangoni kwangu na kuondoka bila kutoa ushauri. Mama, Mungu akuone. Mke wangu simshukuru hapa, nitamshukuru kwa nguruwe. Na fundisho nililo nalo ni hili tu: mlango wa msiba uko wazi ili viti vitoke, lakini mwenye nyumba amekaa hapo hapo motoni, ana mdomo. Muulize.

Sasa Mwenyekiti ananikonyeza nimpe mkono ndugu wa keria, ili kikao kiishe vizuri. Namwona amejifuta kiganja kwenye suruali, yuko tayari. Ndugu, leo sikupi. Goti hili bado halijaenda safari. Jumatatu napakia mzigo kwenda Tunduma, milima yote ile, kwenda na kurudi. Likinipeleka na kunirudisha, nitakuja mwenyewe kwako, nitapiga hodi, nitakupa mkono na chai nitakunywa. Likinikwamia njiani, mkono huo usahau.

Kwa hiyo tunapofunga kwa sala, wote mniombee safari njema. Na yeye aombe kwa sauti, nimsikie.