Rudisha na ya Kutoa

Benchi ni langu. Nililinunua wakae wateja wanaongoja viatu, hapa Munyaka, Eldoret, karibu na stage ya boda, lakini wateja husimama na wanaokaa ni bunge. Mungai mwenye agrovet, duka la dawa na chakula cha mifugo, tunamwita Spika kwa sababu hanyamazi. Wanyonyi wa boda ni VAR, maana kila neno lazima alirudishe nyuma alikague. Okeyo wa cyber ni Designer. Mimi ni Fundi. Brigid anayetuuzia kahawa hana jina la utani, hakuna aliyethubutu. Leo kulikuwa na mtu mmoja zaidi: Kipyego, begi miguuni, simu mkononi, akirudishia watu pesa zao mmoja baada ya mwingine.

Kipyego ndiye aliyeandika Debe, ile programu ya simu inayoweka rekodi ya maziwa ya mkulima na kumwonyesha atalipwa nini mwisho wa mwezi. Aliiacha huria: yeyote aichukue, aifungue aone ndani, airekebishe, hata aiuze. Vyama vya maziwa vimeichukua, hapa na ng'ambo ya mpaka. Kampuni moja ya Nairobi imeipaka rangi yake na inaiuza. Yeye ikamtumia fulana. Saa nane leo anapanda shuttle ya Nairobi, kesho ndege ya Ghuba, akalinde geti la watu. Juma lililopita tulimfanyia harambee ili abaki aitunze Debe. Pesa zikajaa. Halafu watu wakagundua yuko hai.

Spika: Designer, wewe ndio uliharibu hii maneno. Nani alikwambia uweke mshumaa kwa poster?

Designer: Template ndio hiyo, Spika. Kazi zote za kuchangisha zinakuja kwangu ni za matanga. Picha kwa duara, maua huku, mshumaa huku. Lakini chini niliandika wazi kabisa: "Tumsaidie Kipyego aendelee na kazi."

VAR: Rudisha hapo nyuma. Nani husoma chini?

Designer: Na ile poster ya kwanza je? Niliweka picha yake na laptop, hakuna mshumaa, hakuna maua. Nikarusha kwa group. Tulipata nini?

Brigid: Amina mbili.

Designer: Na mtu mmoja akauliza hiyo laptop inauzwa ngapi.

Tulicheka. Kipyego hakucheka. Simu yake ililia tena, akasoma.

Kipyego: Huyu anasema nirudishe na ya kutoa.

VAR: Na ya kutoa? Ile ada ya kutoa pesa kwa simu?

Kipyego: Karibu wote wanasema hivyo.

Spika: Ni haki yao. Kutoa ni moyo. Sasa moyo ukirudi nyuma, pesa si inafuata?

Hapo nilichoma soli kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. Spika alirudishiwa asubuhi, wa kwanza kabisa, na ya kutoa.

Mimi: Spika, kila siku unafungua Debe pale dukani ujue nani wa kukopesha dairy meal.

Spika: Nafungua, Fundi. Lakini si aliiweka ya bure? Mtu akipanda ndizi kando ya barabara asilie akiona maganda.

Kipyego: Silii, Mzee. Bure ni kuitumia. Kuitunza si bure. Simu mpya zikija, lazima mtu airekebishe. Benki ikibadilisha mitambo, lazima mtu airekebishe. Na huyo mtu lazima ale.

Spika: Haya, bunge likae. Tutafute njia ya kudumu. Sustainable, vile wanasema kwa seminar. Hoja yangu: kila ng'ombe alipe shilingi moja kwa mwezi. Chama kikate, kimtumie kijana.

Kipyego: Niliandikia vyama, Mzee. Kimoja tu kilijibu. Walisema hawana bajeti ya software kwa sababu software yao ni ya bure.

VAR: Hebu irudie hiyo.

Kipyego: Umesikia.

Designer: Basi matangazo! Mama akitaka kuona maziwa yake, anaonyeshwa kwanza dawa ya kupe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Brigid: Okeyo, hapo umemtukana mteja wako na dawa yake.

VAR: Ngojeni. Hii ni Eldoret. Mkimbiaji anakulaje? Anaenda camp, analishwa, analala, kampuni ya viatu inalipa. Tufungue camp ya macoder huko juu Iten. Asubuhi wanakimbia, mchana wanaandika code, pacemaker anawatangulia na keyboard.

Spika: Na prize money?

VAR: Wa kwanza kumaliza anachukua gari.

Kipyego: Code haimalizwi, VAR.

VAR: Basi mlipeni kwa kilomita.

Designer: Wacheni mchezo. Fundi wa redio wa zamani alikuwa anaacha skrubu moja haijakazwa. Kipyego naye aache kitu kimoja huko ndani. Mwisho wa mwezi ikifika, Debe inazima pwaa! Vyama vyote vinakuja mbio. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Spika aliguna kwa raha. Hata mimi niliinua kichwa, kwa sababu nimeshawahi kumwona fundi wa namna hiyo akijenga nyumba ya mawe.

Kipyego: Ile kampuni ya Nairobi ina maengineer. Watatoa hiyo skrubu siku hiyo hiyo. Atakayelala njaa ni mkulima. Mnajua nilianza hii kitu kwa nini? Karani alikuwa anampunja mama yangu maziwa kila asubuhi, na mama hawezi kubishana na kalamu.

Brigid alimmiminia kahawa bila kuulizwa. Simu ikalia. Kipyego akaweka kikombe chini, akarudisha nyingine.

Spika: Basi imebaki njia moja. Watu wa hapa hutoa lini? Wakati wa matanga. Si tumeona wenyewe? Sasa, Kipyego afe.

Brigid: Shindwe!

Spika: Ngoja nimalize, mama. Afe kwa poster tu. Kila Disemba Designer anawasha mshumaa. Munyaka inachanga, Kapsoya inachanga, walioko majuu wanatuma dola. Januari anafufuka, anachapa kazi mwaka mzima, Disemba anakufa tena.

VAR: Mwaka wa pili watashtuka.

Spika: Nani husoma chini?

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Mimi nilikasirika, na nitasema kwa nini: katika hoja zote zilizotolewa pale, hiyo ndiyo peke yake iliyokuwa na ushahidi kwamba inafanya kazi.

Ndipo boda ikasimama, akashuka mama mmoja amejifunga kitambaa cheusi kichwani, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, mkononi. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mkono, polepole, vile watu husalimia msibani.

Mama: Poleni sana. Mimi ni Mama Jepkemboi, natoka Chepsaita. Nyumbani kwa marehemu ni wapi? Yule kijana wa Debe.

Kipyego akasimama.

Kipyego: Ni mimi, Mama.

Mama alimtazama, akatazama picha kwenye simu yake, akamshika mkono akaubonyeza kama anayepima avokado.

Mama: Uko hai?

Kipyego: Niko hai. Ilikuwa makosa ya poster.

Mama: Asante Yesu! Ndio maana asubuhi jina lako limenitumia pesa. Nikauliza watoto, marehemu anatuma pesa?

Kipyego: Nilikuwa nakurudishia mchango, Mama. Watu walisema si vizuri nikae nao na sijakufa.

Mama: Na hii begi?

Kipyego: Naenda Ghuba. Nimepata kazi ya geti.

Mama: Na Debe?

Kipyego: Itaendelea tu, mpaka siku itaharibika.

Mama alitaka kumrudishia ile pesa hapo hapo. Kipyego alikataa kwa heshima, akamwambia ya mtu mmoja haiwezi kumweka mtu hapa. Mama akafikiri. Kisha akatugeukia sisi wa benchi, bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza njia.

Mama: Niambieni kitu kimoja tu. Mlipofikiri amekufa, mlikuwa mnamchangia ale nini?

Spika aliangalia ndani ya kikombe chake. Designer alitoa simu akaanza kusoma kitu, mpaka chini. VAR hakuomba irudiwe. Brigid aliinua chupa ya kahawa akaitikisa, ilikuwa imeisha.

Kipyego alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa akiwa amesimama mpaka akashiba, akamrudishia mama na shukrani, maana kwa ndege hakitaruhusiwa. Saa nane ilikuwa inakaribia. VAR akainuka, akafunga begi nyuma ya pikipiki ili amfikishe kwa shuttle. Alilifunga vizuri sana, kwa upendo hata, nami nikahisi aibu yetu imepungua kidogo. Halafu, kabla kijana hajapanda, nikamsikia akimtajia bei.