Vjekoslav Hodalj, Kiongozi Aliyetaja Wasiwasi Wake Kwanza

Baba Padri, majirani wa Jasenova Kosa, na ninyi wenzake wa kazini, familia imenipa mimi dada yake kazi ya kuwasomea maisha ya marehemu, nami nitayasoma yalivyo, maana yeye hakupenda mtu apakwe mafuta kwa mgongo wa chupa.

Vjekoslav, ambaye sote tulimwita Vjeko, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa hapa kijijini, mtoto wa pili wa mzee Stjepan na mama Kata, akasoma shule ya msingi hapa, kisha ufundi wa vyuma huko Daruvar hadi mwaka 1979, akafunga ndoa na wifi yangu Nevenka tarehe 6 Juni 1987, wakajaliwa binti mmoja, Dunja. Vita vilipokwisha na kutuachia mashamba yaliyojaa mabomu ya kutegwa ardhini, aliingia kazi ya kuyategua mwaka 1997, na tarehe 2 Aprili 2001 akawekwa kuwa kiongozi wa watu wanane.

Hapo ndipo wasiwasi ulipomvaa. Kila asubuhi alitapika kahawa nyuma ya gari, akafuta mdomo, akarudi kwa watu wake na uso mkavu, akiamini kwamba mkubwa akionekana ana hofu basi kazi imeharibika, na watu wake, kwa kumwiga, wakajifunza kufunga midomo. Tarehe 9 Mei 2003 mmoja wao, Zdravko Matešin, aliyekuwa amekesha hospitalini na mkewe mgonjwa, aliingia kutegua mabomu kwenye bustani ya matunda ya plamu bila kumwambia mtu kwamba macho yanamfumba kwa usingizi, bomu likamkata mguu wa kushoto, na Vjeko alipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Bosi, kwani wewe umewahi kusema?"

Neno lile lilimchoma kaka yangu, nilimwona mwenyewe hali chakula wala halali usingizi. Aliporudi kazini akaweka utaratibu wake, kwamba kabla ya kuvaa fulana za kinga wote wakae pamoja wakinywa kahawa, kila mmoja ataje kinachomsumbua, yeye kwanza, na atakayesema "leo siko sawa" apewe gari la wagonjwa aendeshe siku hiyo, bila kuhojiwa wala kukatwa mshahara. Walimcheka weee! "Bosi, tumekuja kutegua mabomu au kuungama?" Naye akasema, "Ungameni tu, toba yenu ni kuosha gari."

Ikafika Ijumaa, tarehe 17 Oktoba 2008, siku ya kukabidhi shamba kubwa la bondeni. Mnajua desturi, kiongozi na watu wake hulitembea shamba zima bega kwa bega mbele ya wenye shamba, ndipo watu waamini. Meya alikuwepo, kondoo wako motoni, wenye shamba wameshaleta majembe, na Vjeko akasimama ukingoni, akasema, "Leo hatutembei. Ukanda wa tatu niliukagua akili ikiwa kwa mama yangu aliyekuwa akikata roho, siwezi kuuapia." Meya akapaza sauti, "Mwanamume mzima unaogopa nyasi!" Akajibu, "Ndiyo, naogopa. Nendeni nyumbani."

Walikagua upya Jumamosi na Jumapili, wasipate kitu ila kopo la dagaa lililooza kwa kutu, na kampuni yao ikamvua uongozi kwa kuiaibisha mbele ya meya. Jumatatu akaletwa kiongozi mwingine, akawauliza wale wanane kwenye kahawa hali zao, na mmoja baada ya mwingine wakamjibu, "Leo siko sawa," na gari la wagonjwa lilikuwa moja tu, kazi ikalala. Alhamisi kaka yangu akarudishwa.

Alistaafu tarehe 29 Juni 2018, akaanza kusumbuliwa na moyo mwaka 2022, akafariki dunia tarehe 11 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Nevenka. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia siku hizi zote, na wenzake wa kazini, maana tangu utaratibu ule uanze hakuumia mtu wake hata mmoja, na wale wanane waliokataa kuvaa fulana Jumatatu ile, wote wazima, ndio watakaombeba sasa hivi.

Pumzika, Vjeko, kaka yangu. Wasiwasi tuachie sisi.