Gidamu, Aliyeinama Ili Wengine Wapumue

Ndugu waombolezaji, jina la Gidamu, yaani kamba ya kiatu, marehemu dada yetu alipewa na wapagazi wa mlimani, naye akalipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Alikuwa kiongozi wa wapanda mlima. Kila alipomwona mgeni anahema na anaona haya kuomba kupumzika, alisimama njiani, akainama na kufungua kamba za viatu vyake mwenyewe. Kisha alizifunga upya, taratibu, mpaka aliposikia pumzi ya yule mtu imetulia. Wageni walidhani ana viatu vibovu. Mmoja, baada ya kurudi kwao, alimtumia jozi mpya kwa posta.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa seremala wa reli na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na karakana. Alisoma shule ya msingi ya jirani, akamaliza sekondari mwaka 1979. Isidhaniwe kwamba alizaliwa na subira. Katika mbio za shule alifyatuka kama mshale, akawaacha wenzake wote, na mzunguko wa pili ulimkuta amelala kwenye nyasi akitapika. Mwalimu wa michezo alimwinamia, akamwambia, "Binti, umekula akiba yote asubuhi. Jioni utakula nini?" Neno hilo alilirudia maisha yake yote, hata kwa watu ambao hawakumwuliza.

Mwaka 1984 aliajiriwa mlimani, kwanza jikoni, baadaye uongozini. Mwaka 1987 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea vyuma, wakajaliwa binti na mwana. Kazini alishika kanuni moja: kabla ya kwenda kambi ya juu, kundi lilale siku nzima kambi ya kati, miili ipate kuizoea hewa nyepesi. Wenye haraka walinung'unika. Aliwachemshia chai, akawaacha wanung'unike.

Agosti 2009 mwajiri wake aliifuta siku hiyo ya mapumziko, akamtuma msimamizi afuatane na kundi kuhakikisha halilali. "Wageni wanalipia kilele," alisema mwajiri, "hawalipii usingizi." Wakiwa njiani kuelekea kambi ya juu, mgeni mmoja, mwoka mikate mstaafu, alianza kubaki nyuma, midomo imegeuka rangi. Gidamu aliinama. Msimamizi akapaza sauti: "Mama, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako! Hivyo viatu utavifunga kambini!" Watu wakacheka. Hata mwoka mikate alicheka, kwa kuona haya. Gidamu akainuka, fundo likiwa nusu, wakaendelea kupanda. Alfajiri iliyofuata walikuwa wanamshusha mzee huyo kwa machela. Alikata roho kabla hawajaifikia kambi ya kati.

Mwajiri alitaka isemwe kwamba mgeni alikuja na maradhi yake. Gidamu alimwendea mjane wa mzee yule, wakaketi ana kwa ana, akamwambia, "Mama, mumeo alihitaji kupumzika. Nilijua, na bado niliinuka tukaendelea." Ajira yake iliishia hapo. Tangu hapo alishona mahema na mikoba ya mgongoni sebuleni kwake, na hakuvaa tena kiatu chenye kamba. Nilipomwambia mimi kaka yake kwamba kosa si lake, alijibu, "Kaka, kamba zilikuwa mkononi mwangu." Kisha alirudia kuzungusha cherehani.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kushindwa kazi. Njia ya kwenda zahanati, aliyokuwa akiipita kama upepo, ikawa mlima. Siku moja alipoanza kuhema karibu na ukuta wa shule, mumewe aliinama ghafla miguuni pake mwenyewe.

"Mzee," akamwambia, "umevaa ndara."

"Najua. Nafunga vidole."

Gidamu alicheka mpaka akakohoa. Halafu aliegemeza mkono ukutani, na mumewe hakuinuka mpaka alipoguswa bega.

Ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni fundi umeme, wajukuu watatu na ndugu wawili. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Tunamwombea pumziko ambalo hakuna atakayelikatiza.

Asubuhi ya siku hiyo alimwomba mumewe amtolee viatu vya mlimani vilivyokuwa chini ya kitanda. Vilikuwa vimekauka, na kamba zimekakamaa. Mumewe alipiga magoti.

"Nikusaidie?"

"Kaa hapo. Nani anatukimbiza?"

Alivaa, akafunga cha kushoto mwenyewe. Akaegemea ukuta, akafumba macho, akaingoja pumzi irudi. Ilichelewa, naye akaingoja. Kisha aliinamia cha kulia, akapitisha kamba katika kila tundu, akazikutanisha, akavuta fundo mpaka likakaza.