Mabakuli Sita ya Bwana Majivu

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa pili kati ya watatu wa fundi cherehani na mkunga. Tangu utotoni hakuwa na maneno mengi. Maneno yote ya nyumba ile aliyachukua kaka mkubwa, na hajayarudisha mpaka leo.

Alimaliza sekondari mwaka 1977, akasomea ufundi wa meno, na kuanzia 1981 hadi alipostaafu 2014 alitengeneza meno ya bandia katika hospitali kuu. Wengi mliomcheka baadaye mlimcheka kwa meno aliyowatengenezea yeye. Yamekaa vizuri, hongereni.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na wifi yetu, muuguzi, wakajaliwa binti mmoja. Wakati wa uchumba alimwahidi kwamba ipo siku watakula kwenye vyombo vya mikono yake. Wifi alicheka, "Haya, anza na kijiko."

Alipostaafu aligeuza stoo ya nyuma kuwa karakana, akajenga tanuri la matofali. Tusidanganyane: kazi zake za kwanza zilikuwa vituko. Vyungu vilipasuka, vikombe vilipinda, na ile rangi ya kupaka inayoyeyuka motoni ikang'aa kama kioo ilimtoka kahawia ya mchuzi uliochacha. Yeye alitaka kijani. Alisaga chupa, akachekecha majivu ya kila jiko la mtaani, ndipo mkamwita Bwana Majivu. Kisichompendeza alikivunja kwa nyundo, kwa hiyo miaka yote hiyo hakuna chombo kilichofika mezani.

"Mtu mzima mzima unachezea matope!" kaka mkubwa, mwenyekiti wa kila kamati yenye posho, alimwambia siku moja mbele za wageni.

"Kaka, mimi nikimaliza nanawa," marehemu alimjibu. "Wewe na kamati zako sijui."

Mwaka jana kifua kilianza kumsumbua. Daktari alimwagiza avae barakoa kwa sababu ya vumbi. Aliivaa, kidevuni. Mwezi Mei mwaka huu kijani kikatoka, kwenye kigae kidogo cha majaribio. Alimwita mkewe kutoka jikoni, akalia kama mtoto. Wiki hiyohiyo alifinyanga mabakuli sita, akayapanga rafuni yakauke. Kabla hayajaingia motoni alilazwa. "Binti ayachome, mle," alimwambia mkewe, na hakusema tena neno tuliloweza kulielewa. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, asubuhi.

Kaka mkubwa, bila kuombwa na mtu, akajiteua mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Mjane alimwambia, "Shemeji, kule karakana msiguse kitu." Akajibu, "Shemeji, wewe pumzika, kila kitu kiko mikononi mwangu." Na kweli kilikuwa. Jana sahani zilipopungua, aliingia mwenyewe karakana, akayabeba yale mabakuli na kuyakabidhi kwa waliokuwa wakiosha vyombo. "Angalau leo yatafaa kitu," alisema.

Udongo ambao haujachomwa ukiutia maji unarudi kuwa tope. Hilo hata watoto wa mtaa huu wanalijua, maana marehemu aliwafundisha.

"Jamani, mbona bakuli linayeyuka?" mama mmoja alipiga kelele. Akina mama wale hawana kosa lolote, na familia inawashukuru. Mjane alitoka mbio akisema, "Msimwage! Msimwage!" Tope lile lingeweza kufinyangwa upya. Lakini mwenyekiti hapendi uchafu mbele za wageni, alikuwa ameshaamuru beseni limwagwe mtaroni.

Asubuhi ya leo kaka mkubwa ameomba sehemu hii iondolewe, kwa heshima ya familia. Dada wa marehemu, ambaye ndiye msomaji wenu, alikwenda kumuuliza mjane. Mjane alijibu, "Wifi, isome polepole, asije akakosa hata neno."

Marehemu ameacha mjane, binti, dada, na kaka ambaye hatuna haja ya kumnyooshea kidole.

Apumzike kwa amani, ndugu yetu, huko ambako hakuna mwenyekiti.