Mama Muhtasari na Kufuli la Lango la Nyuma

Tarehe thelathini Juni, Ofisa Uhusiano wa Chemba yetu ya Wafanyabiashara atakabidhi funguo za kabati la mafaili na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Sisi tuliofanya naye kazi tunamwita Mama Muhtasari, maana hajawahi kukaa kwenye kikao kisiandikwe, hata kile cha kuchagua rangi ya mapazia.

Aliingia kama mpiga chapa. Haikupita miaka sita, akawa ndiye anayetumwa halmashauri na wizarani kupeleka vilio vya wanachama. Kwa kila aliyekuja akifoka alikuwa na jibu moja: "Serikali haisomi machozi, inasoma vifungu. Tukitafute kifungu." Mwenye kiwanda cha mbao aliwahi kuingia kwake akipiga meza. Akatoka na rasimu ya kurasa mbili, sauti imeshuka, anashukuru kwa chai.

Pale wizarani alizoea kwenda na mto wake wa kukalia, kwa vile benchi la wageni lilikuwa gumu na subira yake ndefu. Siku moja karani alimwambia mkubwa ametoka. Yeye akachungulia chini ya pazia, akasema kwa upole, "Basi ameondoka peku. Nitamsubiri avirudie viatu vyake." Alipokelewa dakika hiyo hiyo. Leseni mnazozichukua kwenye dirisha moja badala ya matano ni matunda ya benchi lile.

Lakini wasifu huu utakuwa na pengo tukiruka jambo la mwaka wake wa kumi na tisa kazini. Mwandishi wa maneno haya alikuwapo, na mpaka leo hana maelezo yake.

Mwaka ule halmashauri ilikuwa imefunga lango la nyuma la soko kuu kwa mnyororo na kufuli ili kuzuia wizi. Kikao chetu hakikuwa na habari na lango. Kilihusu saa za malori kuingia mjini. Tulikuwa watu kumi na wawili mezani, na mwanamke alikuwa yeye tu. Kinasa sauti kilikuwa mbele yake, kama kawaida.

Kesho yake asubuhi aliniita, akaniomba nisikilize kinasa bila kusema neno. Katikati ya maelezo ya mjumbe mmoja, mwoka mikate, ikaingia sauti ya mwanamke, ya chini, ya karibu mno, kana kwamba midomo imegusa kinasa: "Lango la nyuma lina kufuli. Tutatokea wapi?" Nyuma yake cherehani ilikuwa ikikimbia. Mwoka mikate aliendelea kuzungumza juu ya malori, hakusita hata kidogo. Haikuwa sauti ya Mama Muhtasari, na jengo letu halijawahi kuwa na cherehani.

Tuliwauliza wote waliohudhuria. Hakuna aliyesikia kitu. Mwenyekiti, muuza vifaa vya ujenzi asiyependa mambo yasiyopimika, alisema, "Futa hiyo. Tutachekwa mji mzima."

"Mwenyekiti, mimi naandika kilichosemwa," alijibu. Akaandika: "Mjumbe mmoja aliuliza wafanyabiashara watatokea wapi ikiwa lango la nyuma limefungwa." Na kwa utaratibu wetu, swali likishaingia kwenye muhtasari lazima lifuatiliwe.

Alikwenda sokoni na kile kinasa. Nyuma kabisa, karibu na lango, walikaa mafundi cherehani, vitambaa vimerundikwa hadi darini. Aliongea na kila mmoja, na hakuna aliyekuwa na sauti ile. Mwishowe bibi mmoja, mkongwe kuliko wote pale, alisikiliza, akavua miwani.

"Huyo simjui, mwanangu," alisema. "Lakini mashine ni yangu. Sikia inavyogonga, moja, mbili, halafu inachechemea. Na haijatoka hapa tangu niinunue."

Kwa miezi saba tulimwona akipigwa danadana na ofisi mbalimbali. Halmashauri walisema ni suala la usalama. Zimamoto wakasema si lao, wizara ikamrudisha halmashauri. Yeye alikuwa ameshakipata kifungu: jengo la watu zaidi ya mia liwe na njia mbili zilizo wazi saa zote za kazi. Akakusanya saini za mafundi, waoka mikate na wenye malori, akapendekeza mlinzi badala ya kufuli, akaomba kusikilizwa na kamati ya madiwani.

"Nani hasa amelalamika?" aliuliza mwenyekiti wa kamati.

Ndiyo mara pekee nilipomwona akisita. "Mmoja wa watu wa sokoni, mheshimiwa."

"Jina lake?"

"Hakuacha jina."

Bila kuuliza zaidi, diwani yule akasema, "Lete hicho kifungu." Jumatatu iliyofuata kufuli lilikatwa.

Siku ya kumi na moja, saa tano asubuhi, waya ulipiga cheche kwenye maduka ya mbele. Moto ukaziba lango kuu. Watu zaidi ya mia tatu walitoka kwa nyuma, wakikohoa, wengine wamekumbatia mashine zao. Hakupotea hata mmoja. Bibi fundi alitoka wa mwisho, mkono mmoja kautanguliza mbele kama anayeongozwa na mtu.

Mama Muhtasari alifika akihema. Alipita kwa wanawake wote waliokaa barabarani, mmoja mmoja, akiwapa pole na kuinama awasikie wakijibu. Nilielewa anamtafuta nani. Alipomaliza, alikaa ukingoni mwa barabara akalia, na mwenyekiti wetu, yule yule wa "tutachekwa", akaketi kando yake.

Leo kila soko katika wilaya lina njia mbili zilizo wazi, kwa sheria ndogo aliyoiandika kwa mkono wake.

Wiki iliyopita dada anayeshika nafasi yake alimuuliza afanye nini akikutana na mambo ya aina ile. Alimjibu, "Ogopa, ni haki yako. Lakini andika, kisha kesho asubuhi uanze kufuatilia."

Mama Muhtasari, ahsante kwa kuwasikiliza waliokuwa mezani na wale ambao hatukuwaona. Nenda kapumzike kwa mdogo wako, ulale hadi jua lipande. Tunakuombea afya, amani na siku nyingi za furaha, na nyumba yenye sauti za watu unaowajua.