Pengo la Mkuki wa Kaijage

Sogezeni viti, wanangu, kwa maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na haya ninayoyasema sitaweza kuyarudia. Annastella, kaa hapa ubavuni uniinue ninapokohoa. Josia, zima redio. Nawe Rutaihwa, mwanangu wa kwanza, simama pale ninapouona uso wako, ukiisha kuuweka mkuki hapa mapajani mwangu.

Nyumba hii ya Ijuganyondo ni ya Annastella, kwa sababu ndiye aliyerudi kumuuguza mama yenu wakati ninyi wengine mkituma salamu, na asitokee mtu wa kumwambia kwamba mtoto wa kike harithi nyumba. Shamba la kahawa ni la Josia. Kibanja cha Muleba, chenye makaburi yetu na migomba ya babu yangu Kaijage, hakigawanywi wala hakiuzwi. Hicho hukaa na musika, yule mrithi anayekabidhiwa mkuki huu mbele ya ukoo siku ya kuanua matanga, akaulizwa kama mkuki ni mzima, naye akajibu kwa sauti kwamba ni mzima. Ndivyo nilivyojibu mimi. Ndivyo alivyojibu baba yangu.

Mnakumbuka watafiti walipochimba kibanjani, wakapata mashimo ya tanuri za kuyeyushia chuma, na vichwa vya mikuki vilivyoliwa na kutu hata vikafanana na mizizi. Vile vilikwenda makumbusho, na ni haki. Kisha wakaomba na huu wetu wapate kulinganisha, kwa kuwa aliyeufua, Kaijage, anajulikana kwa jina. Nikamwambia Rutaihwa, aliyekuwa akifanya kazi nao, aupeleke kwa mkono wake mwenyewe: waupime, waupige eksirei, wautazame wanavyotaka, lakini wasiukate. Akanitazama usoni, akajibu, "Nimekusikia, tata."

Aliyeurudisha ni yule binti mtafiti, Farida. Alikaa kwenye kiti hicho, akanieleza kwa heshima kwamba walikata kipande kama punje ya mahindi, wakakisugua hadi kikang'aa, wakakitazama kwa hadubini. Kwamba ndani ni chuma laini kisichovunjika upesi na kwenye makali ni chuma kigumu, vimeunganishwa motoni kwa nyundo. Kwamba mavi ya chuma, yale makapi ya kuyeyushia, yaliyobaki ndani yake kama nyuzi ni ya aina ile ile ya mashimo yetu. Na kwamba katikati kuna mshono, mahali ulipovunjika zamani ukaungwa tena. Habari ya mshono ule baba yangu alinisimulia nikiwa mdogo, na hakuna jicho lililowahi kuuona. Nilifurahi, sitaficha, kama mtu aliyemsikia babu yake akikohoa chumba cha pili.

Halafu binti akasema, "Tunakushukuru, mzee, kwa kuturuhusu kukata. Rutaihwa alituambia umekubali bila shida."

Nikamjibu, "Karibuni tena." Sikutaka mtoto wa watu ajue kwamba mwanangu amelitumia jina langu nisipokuwepo. Wewe, Rutaihwa, ulikuwa mlangoni, ukashusha pumzi, na jioni nikakusikia jikoni ukimwambia mdogo wako, "Si unaona? Mzee hata hakugundua. Mambo haya hayaelewi." Na wewe Josia ukacheka.

Niligundua. Na kinachonichoma, Rutaihwa, ni kwamba ungerudi ukanieleza kuwa eksirei haitoshi, kuwa bila kipande mshono wa Kaijage hautaonekana, ningekubali, na tupa ya kukatia ningeishika mwenyewe. Hukuona haja. Tangu hapo tumekula pamoja, tumekaa benchi moja kanisani, umeniletea dawa, na neno hilo hukulitaja, ila siku ile ulipotaka kuupeleka mkuki kwa fundi wa kuchomelea kule Miembeni alizibe pengo, eti upendeze. Ulidhani ninaumizwa na umbo la mkuki.

Nipe maji, Annastella. Kidogo tu.

Musika ni Rutaihwa. Usinishukuru, sijasahau kitu. Fundi yeyote asiuguse mkuki huu. Siku ya kuanua matanga simama mbele ya ukoo, uushike bapa likiwa juu na pengo likiwatazama watu, na baba yenu mdogo Kyaruzi atakapokuuliza kama ni mzima, sema umekatwa, sema ni nani aliyetoa ruhusa, na kwa jina la nani. Ukijibu vingine, Annastella atautoa mkononi mwako, na kibanja kitaufuata.

Mimi sitakuwepo kusema, "Karibuni tena."

Nizikeni karibu na Kaijage, upande wa mashimo. Msiweke saruji nyingi. Mungu awape... awape amani nyumbani kwenu, mvua ya kutosha, na watoto wa kuwauliza maswali. Nyote. Nimesema nyote, Rutaihwa, hata wewe.

Sasa njoo uuchukue. Umekuwa mzito.