Keki ya Tatu ya Shangazi

Baada ya miaka ishirini na tisa kwenye meza ya mwisho ya karakana yetu ya pedali za gitaa, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa, Shangazi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30. Wenye kumbukumbu watauliza: kwani hakustaafu mwaka juzi? Alistaafu. Na mwaka jana pia. Mara zote mbili tulikata keki, tukapiga picha, tukalia kidogo, na Jumatatu asubuhi tukamkuta ameshavaa aproni, anauliza nani amesogeza kiti chake.

Alianza kazi karakana ikiwa chumba kimoja nyuma ya nyumba yao, yeye na mdogo wake, ambaye leo ndiye Mkurugenzi wetu. Tunamwita Shangazi kwa sababu watoto wa Mkurugenzi ndivyo wanavyomwita. Yeye hamwiti mdogo wake Mkurugenzi. Humwita "wewe mtoto niliyekubeba mgongoni," hata mbele ya wageni.

Kazi yake ilikuwa kuchagua poti, kile kidude kinachokaa chini ya kitufe cha kuzungusha. Kwa wenzetu wa ofisini: kuna poti za A na za B, na ukizitazama kwa mbele ni pacha. Tofauti yao ni mwendo. B hupanda sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, lakini sikio halisikii hivyo. Ukiifunga kwenye kitufe cha sauti, ukiigusa tu kelele imejaa chumba, halafu nusu ya mzunguko iliyobaki husikii kinachoongezeka. A huanza kwa kunyata, ikakaza mwendo mwishoni, na sikio likaridhika. Si kwamba B ni mbaya. Kwenye kitufe cha kuchanganya sauti safi na ile ya kukwaruza, Shangazi hakutaka nyingine.

Alitufundisha wote kufumba macho. Kabla ya kulehemu poti unaiunga kwa vibanio, unafumba macho, unazungusha mpaka usikie sauti imefika nusu, ndipo unafumbua. Kitufe kisipokuwa kimesimama wima kama mshale wa saa sita, poti hiyo si ya hapo. Aliyelehemu bila kufumba alikuta chuma chake cha lehemu kimefichwa. Changu nilikikuta kwenye mfuko wa nepi za mwanangu, kimefungwa vizuri kama zawadi.

Mwaka mmoja Mkurugenzi, mtu wa haraka, aliamua tutumie B kila mahali ili stoo ipungue mrundikano. "Dada, nani atasikia?" Mpiga gitaa mmoja alisikia. Alirudi na pedali mkononi akisema kitufe cha sauti kimekuwa swichi ya taa, na kwamba harusini alikopiga bwana harusi wa watu ameruka kitini. Shangazi alimpa chai, akamwita mdogo wake aje asikilize mwenyewe, kisha akakaa pembeni akitabasamu kama mtu anayepigwa picha. A zikarudi. Mkurugenzi alisema amekubali kwa ajili ya amani tu, yeye tofauti haisikii.

Neno hilo ndilo lililomkwamisha Shangazi hapa. Aliapa hatoki mpaka apatikane mtu mmoja wa kusikia poti isiyo mahali pake bila kufumbua macho wala kusoma herufi mgongoni mwake. Kila alipokaribia kuaga alitutegea moja, na sisi tukapita bila habari. Huku nyuma binti yake amejifungua pacha na kila wiki anapiga simu: "Mama, unakuja lini?" Mimi nina mmoja tu na macho yamenikaa kama ya bundi, kwa hiyo simu hizo zilikuwa zinaniuma.

Mwezi huu mtego aliuweka kwenye redio ya Mkurugenzi, ile ndogo anayoifungulia chini chini baada ya chakula, miguu mezani, akisema anapanga mipango. Alitoa A, akaweka B, wala hakumwambia mtu. Jumanne mchana tukasikia msomaji wa taarifa akipiga kelele, kiti kikaanguka, na Mkurugenzi akatoka na chai shati zima.

"Nani ameniwekea B kwenye redio yangu?"

 Halafu naye, aliyedai tofauti haisikii, akasikia alichokisema.

Shangazi alivua aproni, akaikunja. "Asante, mdogo wangu. Sasa niache niende kwa wajukuu." Mkurugenzi alijifuta uso mara nyingi. Anasema ni chai ilimwingia machoni. Redio ametukataza kuigusa, kwa hiyo kila mchana ikifoka tutajua nani anakumbukwa.

Shangazi, asante kwa masikio uliyotupa, na kwa kunipokea mwanangu kila nilipokuwa na chuma cha moto mkononi. Siku zako za mapumziko na zianze kwa kunyata, zipande taratibu, na utamu wake usiishie njiani. Wabusu pacha kwa niaba yetu. Aproni yako nimeifungia kabatini na ufunguo ninao mimi. Jumatatu ukionekana getini, mimi mwenyewe nakurudisha kwa binti yako, na keki ya nne hakuna.